Maswali ya Wasomaji: Daktari Mpya wa Uzazi Aanze na Mshahara Gani?

Barua ya kwanza

Ndugu mwandishi, pokea salamu zangu. Mimi ni daktari, ni mama wa watoto wawili, na ninakaa Kampemba hapa Lubumbashi. Baada ya kufanya kazi kama daktari wa kawaida nilirudi chuoni kusomea utaalamu wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na miezi michache ijayo nitamaliza. Miaka hiyo yote mume wangu ndiye aliyebeba kodi ya nyumba na karo za watoto. Sasa nina njia tatu. Polikliniki moja ya mjini inasema itanilipa dola 700 kwa mwezi, pamoja na asilimia kwa kila mama nitakayempasua. Hospitali moja ya serikali iko tayari kunipokea, lakini matrikule, yaani namba ya mtumishi wa serikali, bado, na mkurugenzi anasema nitaanza kuishi kwa primu (posho) ya hapo hapo. Tena kuna kituo cha Kolwezi kinachotibu familia za wafanyakazi wa migodi: wao wanatoa dola 1,600, mshahara mmoja usiobadilika, bila asilimia yoyote. Nyumbani kila mtu ananiuliza mtaalamu anaanza na kiasi gani, nami sina jibu. Nisaidie.
*Daktari, Kampemba*

Jibu

Mama Docta, ninakupongeza kwanza, na mumeo pia, kwa sababu najua utaalamu huu hapa kwetu unakula miaka minne hadi mitano ya mtu mzima ambaye tayari ana nyumba na watoto, na wengi wanajilipia masomo huku wakikesha katika wodi ya wazazi kama watu walioajiriwa.

Wanaokuuliza nyumbani wanangoja namba moja, na namba hiyo haipo. Mshahara wa daktari katika Kongo ni vipande, kila kipande kinatoka katika mfuko wake na kina siku yake ya kufika. Serikali inatoa mshahara wa msingi unaofuata cheo, na pembeni yake primu ya hatari, ambayo kwa madaktari wengi ndiyo nono kuliko mshahara wenyewe. Hospitali nayo inatoa primu ya hapo hapo kutokana na pesa wanazolipa wagonjwa. Usidhani pia kwamba matrikule ikitoka vipande vyote vinafuata. Kupata namba ni jambo moja, na kuingizwa katika listingi ya malipo ni jingine. Listingi ya mshahara si ile ya primu, na nimewajua madaktari waliopokea kipande kimoja kwa miaka huku wakifuatilia cha pili Kinshasa kwa barua zisizojibiwa. Kwa hiyo mkurugenzi anapokuambia utaanza kuishi kwa primu ya hapo hapo, anakuambia ukweli, lakini neno “kuanza” halina tarehe ya mwisho.

Niliwahi kukaa miaka mingi katika ofisi ya hesabu ya hospitali moja ya mkoa huu, nami ndiye niliyekuwa nikiigawa primu hiyo. Mwisho wa mwezi tulifunga mapato, tukatoa dawa, mafuta ya jenereta, sabuni, glavu na sehemu inayopanda kwa wakubwa, kisha kilichobaki tukakigawa kwa pointi: mkurugenzi pointi zake, mtaalamu zake, muuguzi zake, mlinzi wa geti zake. Mwezi wenye wagonjwa wanaolipa, daktari alitabasamu mlangoni. Mwezi mkavu, niliwaona watu waliosoma zaidi ya miaka kumi wakihesabu noti za faranga mara mbili, wakitumaini kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Kuna mstari mmoja wa daftari lile ambao sitausahau. Mama mmoja wa Katuba aliletwa usiku katika msimu wa mvua, mtoto amekwama, na daktari kijana aliyekuwa na zamu alimpasua kwa mwanga wa taa ya betri, kwa sababu umeme ulikatika na jenereta ilikataa kuwaka. Mama alipona, mtoto alilia. Bili ikaandikwa, na familia haikuwa na kitu. Basi yule mama alibaki hospitalini wiki tatu baada ya kidonda kufunga, analala kwenye mkeka katika korido pamoja na mtoto wake, hana ruhusa ya kutoka getini. Mwisho wa mwezi daktari yule akaja ofisini kwangu kuuliza kwa nini primu yake ilikuwa ndogo vile. Nilifungua daftari nikamwonyesha: kwenye mstari wa yule mama safu ya malipo ilikuwa tupu, haina muhuri. Alisimama muda mrefu akiutazama. Baadaye wauguzi waliniambia kwamba asubuhi alikuwa anazunguka kwa mlango wa nyuma ili asipite kwenye korido ile.

Nakuandikia hayo, Docta, kwa sababu swali la mshahara wa kuanzia, kwa mtu wa kazi yako, haliwi swali la kiasi tu. Ni swali la nani anaulipa. Mshahara ukining'inizwa kwenye bili ya mama anayejifungua, daktari na mgonjwa wake wanafungwa kamba moja, na kila mmoja anakuwa mzigo wa mwenzake. Ndiyo maana mimi nilifurahi kwa moyo wote wakati mpango wa kujifungua bure ulipoanza Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 na kisha kupelekwa katika mikoa mingine. Uchunguzi wa taifa wa miaka ya 2013 na 2014 ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Nchi yenye hesabu kama hiyo haiwezi kumwambia mwanamke mwenye uchungu alete pesa kwanza. Lakini mpango huo unahamisha mfuko wenu: hospitali haipokei tena kwa mama, inangoja kurudishiwa na mfuko wa serikali wa mshikamano wa afya, na malipo hayo yakichelewa, primu ya hapo hapo inapungua kwa wataalamu wa uzazi kabla ya wengine wote. Kama utaenda katika hospitali iliyo ndani ya mpango, muulize mkurugenzi malipo ya mwisho yalifika lini na yalikuwa ya mwezi gani. Akikujibu mara moja bila kupekua makaratasi, ana hesabu nzuri.

Sasa tuje kwenye polikliniki na asilimia yake, kwa kuwa hapo ndipo ninapotaka usimame imara. Dola 700 pamoja na asilimia kwa kila sezarieni inaonekana nzuri. Ukifanya kumi na tano kwa mwezi unaweza kuwapita watu wa Kolwezi. Lakini angalia kinacholipwa na kisicholipwa. Ukikaa usiku mzima kando ya mama, ukimgeuza, ukisikiliza moyo wa mtoto kila baada ya muda mfupi, ukimpa nafasi mpaka azae mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, hesabu yako ni sifuri. Ukimpasua saa sita usiku, unalipwa na unalala. Sisemi kwamba utafanya hivyo kwa tamaa, hapana. Nasema kwamba mwaka wa pili, umechoka, mtoto wako ana homa nyumbani na kodi imefika, mkono wako utapata sababu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba katika jamii nzima, upasuaji wa kujifungua ukishavuka asilimia kumi, kuuongeza zaidi hakuonekani kupunguza vifo vya akina mama wala vya watoto wachanga. Tena kovu la kwanza linaleta hatari katika mimba inayofuata, wewe unalijua hilo kuliko mimi, na mama huyo mimba inayofuata labda ataibebea mbali na mji, mahali pasipo na chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo nenda kwa mwenye polikliniki na ombi moja lililoandikwa vizuri: aiondoe asilimia ya kisu, aweke malipo ya zamu ya usiku, kiasi kile kile kwa usiku, mama azae kwa njia ya kawaida au apasuliwe. Mwenye polikliniki mwenye akili ataona kwamba hapotezi, kwa sababu wanawake wa mji huu wanaulizana sokoni na kanisani nani anapasua ovyo. Akikataa kabisa, umeshajua utafanya kazi na mtu wa namna gani.

Kolwezi inanivutia kwa sababu ya neno moja katika barua yako: “usiobadilika”. Hata hivyo usitie sahihi kabla hujajua 1,600 hiyo ni kabla ya makato au baada yake. Makato ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwa upande wa mfanyakazi ni asilimia 5, na mwajiri analipa 13 yake juu ya hapo; kisha kuna kodi ya mshahara, ambayo inapanda kadiri mshahara unavyopanda. Uliza nyumba: je, wanakupa, au kuna posho ya nyumba iliyoandikwa peke yake? Kodi za Kolwezi zimepandishwa na migodi. Uliza pia kama dola hizo zitalipwa kwa dola au kwa faranga, na kwa bei ya siku ipi, kwa sababu mwaka 2025 faranga ilipopanda ghafla mbele ya dola, watu walioandikiwa dola na kulipwa faranga waliona rundo lao likipungua sokoni, ambako bei za unga na mafuta hazikushuka kwa kasi hiyo.

Lakini swali kubwa kuliko yote haya ni: wataalamu wa uzazi mko wangapi? Ukiwa peke yako, zamu zote 30 za mwezi ni zako, kwa maana hata ukilala kitandani kwako simu iko kichwani. Gawanya 1,600 kwa 30 uone usiku mmoja unauuza bei gani. Mkiwa wawili, usiku ule ule bei yake inazidishwa mara mbili bila mwajiri kuongeza hata dola moja. Mimi ningekubali 1,300 mahali penye mwenzangu, mtu wa dawa ya usingizi anayepatikana usiku na damu ya kuongezea iliyo tayari, kuliko 1,600 mahali ambapo mama akitokwa na damu nyingi natazama ukuta.

Halafu una mume na watoto hapa, na barabara ni kilomita zaidi ya 300 kwenda tu. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 imeliona jambo hilo: mkataba wa muda maalumu kwa kawaida hauwezi kupita miaka miwili, lakini kwa mfanyakazi aliyeoa au kuolewa anayeishi mbali na familia yake, hauwezi kupita mwaka mmoja. Itumie. Omba mwaka mmoja, na tiketi za kurudi nyumbani ziandikwe ndani ya mkataba, kwa idadi.

Ukiniuliza mimi, mtu niliyekaa upande wa daftari, ningepanga hivi: Kolwezi kwanza, kama mko wawili. La sivyo, polikliniki yenye malipo ya zamu. Na mahali popote utakapokuwa, usiache faili lako la serikali lilale. Jiandikishe kama mtaalamu katika Ordre, chombo kinachosajili madaktari, mara tu utakapopata shahada, peleka karatasi zako, dai hati ya kupokelewa, zungumza na sendika yenu, chama cha kutetea wafanyakazi. Hospitali ya serikali ndiko wanakoletwa akina mama walioshindikana kwingine, na huko ndiko mkono wa mtaalamu mpya unakomaa. Ningependa sana uende huko moja kwa moja. Siwezi kukushauri uende bila malipo.

Barua ya pili

Mukubwa, mwanangu yuko mwaka wa pili wa utaalamu wa uzazi. Ameniambia kwamba Marekani daktari kama yeye anaanza na dola 300,000 kwa mwaka. Nina kiwanja cha pili hapa Katuba. Nikiuze nimpeleke?
*Baba wa mwanafunzi, Katuba*

Jibu

Baba, mwanao hajakudanganya. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani, kwa mwaka 2023, iliweka wastani wa mshahara wa madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake juu ya dola 270,000 kwa mwaka, na mkataba wa kwanza wa dola 300,000 si hadithi huko. Lakini kiasi hicho kiko mwisho wa barabara ambayo mwanao hayuko hata mwanzoni mwake.

Mtaalamu aliyesomea hapa kwa kawaida hapokelewi kule kama mtaalamu. Lazima shahada yake ya udaktari ihakikiwe, apite mitihani ya leseni kwa Kiingereza, kisha ashindane kupata nafasi ya kusomea utaalamu upya, miaka minne, hata kama hapa ameshapasua mamia ya akina mama. Katika miaka hiyo minne analipwa, na hilo nalisifu bila kusita, kwa sababu ndilo jambo ambalo vijana wetu hawalipati. Malipo yanaanza kwenye dola 60,000 na zaidi kidogo kwa mwaka, kwa kazi ambayo kanuni zao zinairuhusu kufika saa 80 kwa wiki. Mmarekani mwenyewe anafika kwenye mkataba wa kwanza akiwa na deni la masomo ambalo kwa wengi linakaribia dola 200,000.

Tena kazi ya uzazi ni miongoni mwa zile zenye bima ghali kuliko nyingine kule, kwa kuwa mtoto akizaliwa na ulemavu, kesi inaweza kufunguliwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana daktari mpya wa kule, kabla ya kuulizia mshahara, anauliza nani atalipa bima hiyo, na akihama kazi, nani atalipa ile bima ya kufunika kesi zitakazochelewa kufunguliwa. Hiyo peke yake inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Ukitaka mfano wa karibu wa kujifunza, tazama Kenya. Madaktari wao waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakapata mkataba wa pamoja ulioandika mishahara kwa shilingi. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kuwalipa madaktari walio katika mazoezi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za mkataba ule, waligoma tena siku 56, na mwezi wa Desemba mwaka huo kiasi cha 206,000 kilirudishwa. Hawakushinda kwa kupiga kelele kuliko wetu. Walikuwa na karatasi yenye namba ambayo kila mtu angeweza kuisoma. Daktari wa kwetu anayegoma anadai vipande ambavyo hata yeye mwenyewe havijui vyote.

Kiwanja usikiuze sasa, Baba. Mwache kijana amalize hapa, awe na shahada mkononi, na katika miaka hii iliyobaki ajifunze Kiingereza na ajaribu mtihani wa kwanza kwa akiba ndogo. Akiupita, mtazungumza tena juu ya kiwanja mkiwa wawili mnaojua mnachokinunua.

Barua ya tatu

Nimemaliza utaalamu wa uzazi mwaka huu. Hospitali moja binafsi inanitaka, lakini mwenye hospitali anasema nifanye kwanza miezi sita ya majaribio kwa nauli tu, halafu atanilipa kama mtaalamu. Hajaniandikia chochote. Zamu za usiku nimeshaanza. Nifanye nini?
*Daktari kijana, Likasi*

Jibu

Docta, miezi sita ndicho kipimo cha juu kabisa ambacho sheria ya kazi inakiruhusu kwa mtu mwenye ujuzi kama wako, na majaribio ni kazi, kazi inalipwa. Tena kipengele cha majaribio kinapaswa kuandikwa, na kama hakikuandikwa popote, huyo mwenye hospitali hana majaribio ya kudai. Zaidi ya hapo, mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa ni wa muda usio na mwisho, kwa hiyo kila usiku unaoingia zamu bila karatasi, nafasi yako inakuwa na nguvu kuliko anavyodhani, mradi uweze kuonyesha kwamba ulikuwepo.

Kwa hiyo kuanzia leo andika: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, idadi ya waliojifungua na waliopasuliwa, bila majina ya wagonjwa. Hakikisha sahihi yako iko katika daftari la chumba cha upasuaji kila unapotoka humo. Kisha mwandikie barua ya heshima, isiyo na vitisho, ukimkumbusha tarehe uliyoanza na ukiomba mkataba wenye kiasi cha mshahara wa majaribio, kiasi cha baada ya majaribio, malipo ya zamu na tarehe ya kulipwa. Mpe wiki mbili. Akinyamaza, nenda kwa inspekta wa kazi, ambaye atawaita wote wawili kuwapatanisha kabla ya jambo kufika mahakamani. Waajiri wengi wanaandika mkataba siku ile ile wanapopokea wito wake.

Barua hiyo ichape nakala mbili. Moja mwachie katibu wake, ya pili arudishe mikononi mwako kabla hujatoka mlangoni, ikiwa na muhuri na tarehe.